Jamani, Nani Kaleta Swali la Albamu Kijiweni?

Kuna maswali, jamani, mtu akiyauliza kijiweni inafaa ashikwe mkono polepole, apewe maji ya kunywa, arudishwe kwao. Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa Tandika, mgeni, hajatimiza hata miezi mitatu hapa Durban, alikaa kwenye benchi letu nje ya saluni pale Point (barabara yenyewe ilishapewa jina la Mahatma Gandhi siku nyingi, sisi tunaendelea kuiita Point kwa ubishi tu), akafungua soda yake, akatuangalia usoni mmoja mmoja, akauliza kwa moyo mweupe kabisa: "Wakubwa, siku hizi mnasikiliza albamu gani?"

Loh! Bora angeuliza nani ana makaratasi na nani hana. Tungejibu kwa utulivu.

Mtu mzima haulizwi swali la namna hiyo mbele za watu. Ni sawa na kumuuliza alichokula jana usiku. Nani atasema alikula mkate mkavu na chai ya rangi? Wote walikula pilau. Basi nikawaona wanaume wazima wanane na mama mmoja wa chapati wanakohoa, wanajiweka sawa, kila mtu anapekua kichwani kwake atafute jina zito la kuwafunika wenzake.

Akaanza kinyozi. Mashine mkononi, kichwa cha mteja kimenyolewa nusu, akasimama mlangoni kama anayetaka kusoma risala, akasema yeye siku hizi ni Nduduzo Makhathini tu. Mh! Huyo ni mpiga piano wa hapahapa KwaZulu-Natal, muziki kausomea hapahapa Durban, na mwaka 2020 albamu yake ya Modes of Communication ilitoka chini ya Blue Note, kampuni ile ya jazi ya Marekani ambayo kabla yake hakuna Msauzi aliyewahi kusaini nayo. Ni heshima kubwa, wala sibishi. Lakini kinyozi wetu? Mimi nakaa mlangoni pake siku sita kwa wiki. Ile spika yake iliyofungwa kwa selotepu sijawahi kusikia piano ikitoka humo hata kwa bahati mbaya. Anatoka Zuchu. Asubuhi Zuchu, mchana Zuchu, jioni umeme ukirudi Zuchu. Tena siyo albamu ya Zuchu, ni "Sukari" peke yake, wimbo wa mwaka 2021, unarudiwa mpaka wateja wa Kizulu wasiojua hata "habari" wanauimba huku wananyolewa ndevu.

Nikasonya kimoyomoyo. Sikusema kitu. Mwenye wembe haumbuliwi wakati shingo ya mwenzio iko mkononi mwake.

Zamu ikaenda kwa mzee wa Bukavu. Huyu analinda magari ya watu kule ufukweni, amevaa kizibao cha kung'aa, kwao alikuwa mwalimu wa hisabati. Yeye angalau hadanganyi. Siku hizi yake ni mwaka 1985. "Papa, bile bya leo biko bintu bya batoto," akasema. "Franco njo muziki." Akaanza kutusimulia "Mario" tangu mwanzo, kijana msomi anayelishwa na kuvikwa na mama mwenye pesa, wimbo unaokaribia robo saa, na alipofika penye utamu akawa anamtazama kwa makusudi mwenzetu mmoja ambaye kila mtu hapa anajua kodi ya chumba chake hailipi yeye. Kijana wa watu akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Pangeishia hapo tungekuwa salama. Lakini Mkongo mwingine, wa Uvira, akadakia kwamba yeye anasikiliza Formule 7 ya Fally Ipupa, ya mwaka 2022, yote, bila kuruka wimbo. Mzee akacheka kwa pua. Neno likazaa neno, na dakika tatu hazikupita wakawa wamefika kule wanakofikaga Wakongo wote wakianza kuzungumza muziki: nani alikosea Wenge ilipovunjika. Jamani! Wenge Musica ilivunjika mwaka 1997. JB Mpiana akashika njia yake na BCBG, Werrason akashika yake na Maison Mère, na wenyewe wameendelea na maisha. Huyu wa Uvira mwaka huo alikuwa hajazaliwa! Lakini ukimsikiliza utadhani alikuwa mlangoni pa mazoezi siku ile, ameshika gitaa la mtu. Anataja nani alimnunia nani, nani alipanda gari la nani. Mishipa imemtoka. Dereva mmoja akapunguza mwendo akidhani tunapigana.

Nasi Wabongo tusijifanye wastaarabu. Mtaje Msondo mbele ya mtu wa Sikinde uone.

Sasa nitasema jambo, na wenzangu wa kanda mtanielewa. Hivi mnakumbuka tulivyokuwa tunasikiliza albamu? Vijana wanadhani wazee walikuwa na subira, eti tulikuwa tunaheshimu kazi ya msanii. Heshima gani? Ilikuwa betri! Radio kaseti ya nyumbani kwetu Magomeni ilikula betri sita kubwa, na mtu yeyote aliyeikaribia alijua sheria ya baba: hakuna kupeleka kanda mbele. Kupeleka mbele kunamaliza betri. Umeme ukikatika, ndiyo kabisa. Kwa hiyo wimbo wa nne, ule mbovu, ule ambao bendi yenyewe nadhani waliurekodi ili upande A ujae, ulisikilizwa wote mpaka mwisho na familia nzima, na bibi mlangoni anachambua mchele. Wiki ya kwanza unauchukia. Wiki ya pili unaujua. Wiki ya tatu unajikuta kisimani unauimba peke yako, tena kwa hisia. Betri zikichoka mwimbaji anaanza kuzungumza kama amelewa gongo. Mama anazitoa anazianika juani kwenye bati, jioni zinarudi, Marijani anapata sauti yake tena.

Ndiyo maana mpaka leo nikiamshwa usiku wa manane nitakupangia nyimbo za kanda nzima kwa mfuatano, na mlango wa chumba uliokuwa unalia katikati ya wimbo wa sita nitauweka pale pale. Leo mtoto ana nyimbo za dunia nzima mfukoni. Anabonyeza, anasikiliza nusu dakika, anasema "naam, kali hii", anabonyeza nyingine. Halafu anakuja kijiweni anasema amesikiliza albamu! Amesikiliza milango ikifunguliwa na kufungwa.

Na tena tuko Durban, mji ambao wenyewe albamu haziwashughulishi sana. Hebu panda taksi ya Umlazi siku ya Ijumaa jioni. Uso wa kioo unatetemeka, sarafu za nauli zinapitishwa mkono kwa mkono kwenda mbele huku zinacheza zenyewe, mama wa mbele yako kabeba kabichi mapajani na kabichi nayo inaitikia. Hiyo ndiyo gqom. Imezaliwa humu humu, kwenye vyumba vya vijana wa mitaa hii, kompyuta moja na spika mbili, na redio yake ya kwanza ilikuwa taksi. Kijana akimaliza kupika wimbo anampelekea dereva. Dereva akiukubali, Jumatatu mji mzima unao, umepita kwa WhatsApp bila jina, mwingine umeandikwa tu "final final 2". Nani amsumbue dereva wa taksi ya Umlazi kumuuliza wimbo huu uko kwenye albamu gani? Utashushwa kwenye mataa.

Sasa sikilizeni kituko. Mwaka 2016 nani alikusanya ngoma hizo akazitoa kwenye sahani ya santuri, ikaitwa Gqom Oh! The Sound of Durban? Lebo ya watu wa Roma. Roma ya Italia, ya Baba Mtakatifu! Yaani muziki wa mtaa wa pili, ukitaka kuushika mkononi kama albamu, umwagizie mtu Ulaya. Nilipowaambia hivyo kijiweni wakaniona mwongo. Mimi! Wakati kinyozi na piano yake wamepita salama.

Halafu kuna wale wa kusubiri tuzo. Hawa ndio wananimaliza kabisa. Subconsciously ya Black Coffee ilitoka mwanzoni mwa mwaka 2021. Mwenyewe kazaliwa Umlazi hapo, unaweza kupaona ukipanda juu ya ghorofa refu. Mwaka mzima jirani yangu alikuwa akisikia ngoma zake ananigongea ukuta: "Zima hizo kelele za klabu!" Aprili 2022 Grammy ikatangazwa, albamu bora ya dansi na elektroniki. Asubuhi yake nikamkuta jirani huyo huyo kwenye ngazi, kifua mbele, anamweleza mtu wa ghorofa ya tatu kwamba yeye alijua tangu wimbo wa kwanza. "Mimi nilisema!" Ulisema nini, mjomba? Kwa ukuta gani?

Nikamwambia shikamoo, nikapita zangu.

Zamani mtu angeweza kudanganya hivyo mpaka anazikwa. Dunia imeharibika siku hizi; simu yako mwenyewe inakutolea ushahidi. Spotify waliingia Afrika Kusini Machi 2018, na kila mwisho wa mwaka wanakuletea hesabu yako: ulimsikiliza nani, mara ngapi, dakika ngapi. Mnaona wenyewe Desemba watu wanavyokimbia kuibandika kwenye status. Tunaye hapa dada yetu mmoja, mlokole wa kweli, mwaka mzima status yake ni majalada ya Joyous Celebration, moja baada ya jingine, na mikono miwili ya kuomba chini yake. Desemba ikafika. Sijui alibonyeza nini. Asubuhi watu wote tunaona: msanii nambari moja kwa mwaka, Mzee Yusuf! Mipasho! Taarabu ya kumsuta mke mwenza, na kwa wingi wa dakika alizosikiliza, huyo mke mwenza alikuwa na kazi.

Akaifuta haraka, lakini kijiwe hakifutiki. Alipopita jioni akasema ni watoto walichezea simu. Tukaitikia kwa adabu, "Ndiyo, dada, watoto hao." Watoto wake wako Morogoro kwa bibi yao.

Mama wa chapati, wa Mombasa huyu, ndiye alimjibu yule mgeni vizuri kuliko sisi sote, tena bila kuinua macho kwenye chuma. "Mwanangu, mie sina albamu. Nina kanda ya harusi." Akaeleza kwamba kwao taarabu tamu haikuwa ya studio, ilikuwa ile iliyorekodiwa harusini, Juma Bhalo anaimba na huku unasikia watu wakitunza, mtoto analia, mtu anaitwa akaondoe gari njiani. Kanda zikanakiliwa, zikauzwa madukani, zikafika mpaka Maskati. Yeye anayo moja ya harusi ya jirani yao Mji wa Kale, na utamu wake ni kwamba kila akisikiliza anawajua waliopiga vigelegele, na nusu yao sasa ni marehemu. Kukawa kimya kidogo pale. Kisha akasema chapati zimeiva, nani anataka, na madeni ya wiki iliyopita ameyaandika.

Ubishi haukwisha, ukahamia kwenye nani kashinda. Maana haitoshi kutaja albamu, lazima ya mwenzio iwe takataka. Hapo ndipo nilipokumbuka akili ya Wazulu wa zamani. Waimbaji wa isicathamiya, ule uimbaji wa kunyata ambao dunia iliujua kupitia Ladysmith Black Mambazo, walikuwa wanashindana usiku kucha kwenye kumbi za mjini humu, kwaya hadi kwaya, suti zimepigwa pasi, mpaka Jumapili asubuhi. Na hakimu? Wakichagua mtu wao, ni wa nyumbani kwa fulani. Basi walikuwa wanatoka nje kutafuta mzungu yeyote, asiyemjua mtu, asiyejua hata lugha, wanamkalisha kitini, ndiye anayeamua! Mnacheka? Mimi naona ndiyo haki pekee niliyowahi kuisikia katika mambo ya muziki. Mshabiki hawezi kuhukumu, anayejua hawezi kuhukumu, abaki yule aliyekuwa anajipitia.

Nikapendekeza tufanye vivyo hivyo. Tukamkamata mlinzi wa jengo la jirani, Mzulu wa Nongoma, mtu mpole mwenye fimbo. Tukampanga kitini, tukampigia kwa simu kipande kipande: Franco, Fally, Zuchu, na Makhathini wa kinyozi (ilibidi kinyozi aombe bando ili amtafute, maana kwenye simu yake hakuwemo). Mlinzi akasikiliza kwa heshima zote, kidevu juu ya fimbo. Tulipomaliza akauliza swali moja: katika hawa wote, ni nani ametaja kwao, mto wao na jina la chifu wao? Tukatazamana. Hakuna. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Muziki gani huo ambao mtu hasemi katoka wapi? Akatupa hukumu: Phuzekhemisi. Maskandi. Tukamwambia Phuzekhemisi hakuwa kwenye mashindano. Akasema hilo ndilo kosa letu. Akasimama, akajisifu mwenyewe kwa Kizulu cha kasi, ukoo mzima na mito yake, kama wanavyofanya wenye magitaa yao katikati ya wimbo, akachukua chapati mbili za uhakimu, akarudi getini kwake.

Mama kaziandika chapati hizo kwenye deni langu.

Sasa mtaniuliza, na wewe je, mzee wa benchi, ulipofikiwa ulisema nini? Aka! Nilisema Lucky Dube, Prisoner, ya mwaka 1989. Nikaieleza kwa madaha, jinsi jamaa alivyoanza na mbaqanga kabla hajageukia rege, jinsi sisi tuliokulia Bongo tulivyodhani tukifika Bondeni tutamkuta kila mtu anaimba nyimbo zake, kumbe ukimtaja kwa kijana wa hapa anakuambia huyo ni wa babu yangu. Nikasema ninayo diski yenyewe, halisi, na kila Jumapili naisikiliza mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka, kama enzi za betri. Kijana wa Tandika macho yakamtoka kwa heshima. Akaniita "mzee wangu".

Uongo mtupu, ndugu zangu. Ile diski sina. Niliiazimisha Ramadhani ya mwaka juzi kwa mtu wa benchi hili hili, simtaji, anajijua, akanirudishia kasha wiki mbili baadaye na asante nyingi. Kasha nikaliweka juu ya kabati. Jumapili baada ya ubishi ule nikaona aibu, nikasema leo nitaisikiliza kweli. Nikalifungua. Ndani kuna diski nyeupe, imeandikwa kwa kalamu ya wino: HARUSI – TANGA.

Nikaiweka. Ningefanyaje? Ni saa moja na nusu nzima. Wageni wanakula pilau dakika ishirini mfululizo, mpiga picha kasahau kamera mbele ya sahani ya mtu mmoja mwenye njaa sana. Bi harusi analia, shoga zake wanamfuta wanja. Mjomba anatoa hotuba kipaza sauti hakifanyi kazi, anahutubia hivyo hivyo mpaka mwisho, watu wanampigia makofi. Nyuma kabisa kuna bendi, na kuna wimbo wao mmoja, wa nne kutoka mwanzo, mbovu kweli kweli.

Nimeshaitazama mara tatu. Jana kwenye foleni ya benki nimejikuta nauimba ule wa nne.

Basi mwenye harusi, kama unasoma hapa: harusi yako iko salama, haina mkwaruzo hata mmoja, njoo saluni Jumamosi baada ya saa nane uichukue. Prisoner yangu uje nayo. Na deni la chapati mbili tutagawana.